Yai Chini ya Plau

"Plau itashuka kabla sijamaliza kahawa," akasema Radojko, mnunuzi wa vyuma chakavu. "Niachie hilo trekta nipakie, kijana." Mama alishakubali kuliuza.

Kwa siku tatu kabla hajaja nilikuwa nimesugua kwa msasa silinda ya kunyanyulia plau, iliyolika na kuvuja mafuta, nikatia mpira mpya. Sasa nikanyanyua plau, nikazima injini.

Kisha nikatoa ndani lile yai jekundu la Pasaka linalolinda nyumba yetu mwaka mzima. Nikaliweka chini ya ncha ya plau, nafasi ya kidole kimoja tu.

"Wewe! Likivunjika hilo tumekwisha!" mama akapiga kelele.

"Halivunjiki, mama. Kunywa, mzee."

Radojko akanywa mpaka machicha. Tone la mafuta likavimba kwenye silinda, lakini halikudondoka.

"Niongezee kahawa," akasema.

Nikamnyang'anya kikombe. "Imeisha. Geuza lori."