Kigae cha Mfalme

Mfalme Kleito alipokataa kumteketezea fahali mungu wa moto, aliadhibiwa hivi: jiko la ikulu lingezimika kila usiku, na lisingewaka tena mpaka yeye mwenyewe, kwa miguu yake, akaombe kaa la moto kwa raia.

Huu ulikuwa mwaka wa tatu. Kila asubuhi alibisha hodi kwa Melanta, mjane mfinyanzi, kigae cha kubebea kaa mkononi.

"Keti kwanza, Mtukufu, uji haujaiva," Melanta humwambia, naye huketi. Hapo ndipo alipopata kujua kisima kipi kimekauka na nani kapata mjukuu.

Leo aliamka akakuta jiko linawaka lenyewe. Kuhani akaja mbio.

"Umesamehewa, Mtukufu!"

Mfalme akaota moto kidogo. Nje kulikuwa kumekucha, na uji wa Melanta ulikaribia kuiva. Akainua mtungi, akaumwagia moto maji yote.

"Mungu atakasirika upya!" kuhani akalia.

"Naomba iwe hivyo," akasema mfalme, akachukua kigae chake, akateremka mjini. Nyuma yake moshi mweupe ulipanda mbinguni, mzito, kama wa fahali mzima.