Usimwachie Mtu

Mwanamke yule alikuwa bado anamfuata. Jayesh aligeuka mara moja tu, akamwona anakuja mbio kwenye mvua, nguo zimemganda mwilini, mzigo mgongoni umefunikwa nailoni. Wanaume wawili walikuwa naye. Jayesh akamkumbatia mtoto kwa nguvu zaidi, akakanyaga tope bila kuchagua njia.

Hofu yake haikuanzia hapo Kikwe, karibu na Arusha. Ilianzia kwao Leicester, Uingereza, siku mkewe alipokubali kwa shingo upande asafiri na Anisha, binti yao wa miaka minne, akaone mji aliozaliwa babu yake. Sharti la mama lilikuwa moja: "Usimwachie mtu. Hata dakika moja." Na ndugu, wale wasiokosekana katika kila kundi la simu, wakamjazia habari za watoto walioibwa safarini.

Kisha akapanda treni yetu kutoka Dar. Huku kwetu mtoto hana kiti, ana mapaja. Kufika Korogwe, bibi mmoja alikwishampakata Anisha bila kuomba ruhusa, akampa chungwa, akampitisha kwa jirani. Mtoto alifurahi mno. Baba yake alikaa roho juu mpaka aliporudishiwa.

Moshi akapanda mama mmoja aitwaye Nashilu, na mabegi yake, na mtoto wa rika lilelile. Mvua ilikuwa inapiga ndani kwa dirisha lisilofungika. Anisha alipoanza kutetemeka, Nashilu alitoa shuka nyingine nyekundu, akamfunika gubigubi kama alivyomfunika wa kwake, akamlaza pajani.

"Mwache alale, baba. Baridi ya Meru haina adabu," alisema. Halafu akauliza, "Na mama yake yuko wapi?"

Swali la kawaida kabisa. Lakini Jayesh alilikwepa. Alishukuru kwa Kiswahili chake kibovu alichofundishwa na shangazi, na jicho hakuliondoa kwa mtoto.

Karibu na Kikwe treni ikasimama. Maji yalikuwa yamepita juu ya reli. Mhudumu akapita akisema anayetaka kungoja angoje, anayeweza kutembea aende barabarani akatafute gari. Dereva wa shangazi alikuwa akimsubiri stesheni ya Arusha. Mpango huo sasa ulikuwa umekufa. Jayesh akamwacha Anisha amelala, akaenda mlangoni dakika moja tu kutazama barabara iko umbali gani.

Aliporudi, Nashilu hakuwepo. Behewa lilikuwa na giza la mawingu, watu wamejaa njiani wakiteremsha mizigo. Kisha akaiona shuka nyekundu kwenye benchi, na mtoto ndani yake, amelala fofofo, hana mtu.

Hakungoja kuuliza. Mwanamke aliyemwacha mtoto namna ile amekwenda kuwaita wenzake, ndivyo alivyowaza. Akambeba, akasahau hata sanduku lake, akaruka chini.

Ndipo kelele zikaanza. Nashilu alipiga yowe kwa Kimaasai, na Jayesh hakuelewa hata neno. Alichoelewa ni sauti ya mwanamume mmoja: "Wewe! Lete huyo mtoto!"

Mtoto akaamka, akaanza kulia na kupiga mateke ndani ya shuka. Jayesh akamvutia ile nguo mpaka usoni mvua isimpige. Maskini, hata yeye aliwaogopa. Mahali fulani huko nyuma mtoto mwingine alikuwa analia pia, sauti ikipotelea kwenye mvua.

Barabarani palikuwa na Noah moja inasubiri abiria.

"Nakodi yote," Jayesh alimwambia dereva, huku amekwishaingia. "Arusha mjini, Sekei. Sasa hivi."

"Bosi, wale si wanakuita wewe?"

"Wanataka mtoto wangu. Endesha, tafadhali."

Dereva alimtazama: mzazi mzima anatetemeka, viatu vimebaki kwenye tope. Huruma ikamwingia, akaondoa gari. Kiganja cha Nashilu kilipiga kioo cha nyuma, mara moja, mara ya pili, kikateleza. Jayesh aliinama akamziba mtoto kwa mwili wake mpaka kelele zikaisha.

Noah ilipokata kona ya kwanza kati ya mashamba ya mahindi, alilia, wala hakuona haya. Mtoto naye alikuwa amechoka, amejikunyata kifuani pake, kwikwi zinampanda na kushuka. Simu ikaita. Alikuwa shangazi yake, Hansa, anayewangoja Sekei tangu asubuhi.

"Foi, shangazi yangu, tumepona," Jayesh alimwambia. "Nitakueleza nikifika. Tumepona wote wawili."

"Mpe simu," shangazi alisema. "Niisikie sauti yake kwanza."

Jayesh akacheka kwa machozi, akafunua shuka ili amwekee simu sikioni. Sikio lilikuwa limetogwa, lina shanga za buluu. Kichwa kilikuwa kimenyolewa upara, na macho ya mvulana asiyemjua yalikuwa yanamkodolea, huku Hansa akiita kwenye simu, "Anisha? Anisha, unanisikia?"