Kokoto za Shemeji

Shemeji alibandua kofia ya gurudumu, akanimwagia kiganjani kokoto alizozificha humo.

"Haya fundi, jointi yako mbovu hiyo hapo."

Dada yangu na watoto walicheka mpaka lile gari lao la safari, lenye vitanda ndani, likatikisika. Asubuhi nzima nilikuwa nimelala chini ya mkweche huo, nashindilia grisi kwenye jointi ya ekseli na kufunga mpira wake kwa waya, ili ule mlio wa ka-ka-ka unyamaze. Kumbe nilikuwa nachezewa shere. Nikacheka na mimi, ningefanyaje?

Wakaondoka. Getini shemeji akakata kona kuelekea mteremkoni.

Ka-ka-ka-ka.

Nikatazama kiganja changu. Kokoto zote zilikuwa pale, zimepakaa grisi.

"Shemeji, simama! Ni jointi kweli, ikikatika gurudumu linakwama."

Akatoa kichwa dirishani, meno nje. "Leo hunipati ng'o."

Watoto wakanipungia mikono kwenye kioo cha nyuma. Nikatimua mbio. Mlio ukazidi kushika kasi, halafu ukanyamaza ghafla.