Kushuka Kinyumenyume

"Huyu hatuwezi kumwapisha, Mama Verlene," alisema mwenyekiti wa chama cha wasichana wa chuo. "Lazima ashuke ngazi kinyumenyume kama sisi sote. Ndiyo mila yetu."

Juu ya ngazi alisimama msichana mwenye magongo kwapani.

Verlene, aliyeapishwa katika nyumba hiyohiyo ya chama miaka hamsini iliyopita, alipapasa ubao wa kushikia kando ya ngazi, uliolainika kwa viganja.

"Mila kitu gani! Mwaka ule nilikuwa nimevunjika mguu. Niliweza kushuka kinyumenyume tu, na wenzangu wote wakashuka hivyohivyo ili nisione haya."

Wasichana wakatazamana.

Mwenyekiti akavua viatu, akapanda hadi juu.

"Haya, dada," akamwambia yule msichana. "Wewe huwa unashukaje?"