Joto la Ukunguni

Bibi aliweka kiganja mbele ya feni ya mashine ya kupasha chumba joto ambayo fundi Sifael alikuwa ameifunga nje ya ukuta, akakiondoa haraka.

"Sifael, umenidanganya. Daktari kanikataza moshi kwa sababu ya kifua, nawe unaniletea baridi? Narudi jikoni kwenye mafiga yangu."

"Bibi, hiyo ni hewa iliyonyang'anywa joto. Joto lenyewe limeingia ndani."

"Joto gani, kwenye ukungu huu wa Msangeni?"

"Lipo, ila kidogo. Mashine inalikusanya."

Bibi akaingia chumbani na khanga zake tatu mabegani. Sifael alibaki mlangoni, bisibisi mkononi, akisikiliza kikohozi cha Bibi.

Kisha khanga moja ikatupwa kitandani. Ikafuata ya pili.

"Funga mlango, we fundi! Unalirudisha joto nje."