Alasiri Kabla ya Mfungo

Siku ya Upatanisho, mfungo mkuu wa Wayahudi, ilikuwa inaingia jioni ile, na Yerusalemu nzima watu walikuwa wakiombana radhi. Nikabisha kwa jirani yangu Zehava.

"Nisamehe, dada, kama nilikukosea mwaka huu."

"Nimeshakusamehe," alicheka, mikono imejaa unga. "Umenikosea nini wewe, zaidi ya kuazima sufuria yangu usirudishe?"

Chumbani binti yake alikuwa akipiga pasi. Uchumba wake ulivunjika baada ya Pasaka. Mtu aliwadanganya wakwe kwamba binti huyo ana kifafa.

Ningeweza kwenda zangu. Lakini siku hiyo Mungu husamehe tuliyomkosea Yeye tu; ya mtu husamehewa na mtu mwenyewe, na hili halikuwa la Mungu.

"Yale maneno ya kifafa," nilisema, nikitazama unga ukikauka vidoleni mwake, "niliyapeleka mimi."

Zehava alipangusa unga vidoleni.

"Wa kukusamehe si mimi," alisema, kisha akamwita binti yake.