Mkono Uliotulia

Florian aliuma mkono wa sare nyeupe, akakataa kuuachia.

"Mwachie kaka yako nguo yake!" Mama yao, Beata, alicheka, akimfinya mashavu taratibu mpaka meno yakafunguka. "Wivu huo. Na wewe unataka kuwa mwanakarate?"

Florian alitoa sauti yake ile, nzito, isiyo na maneno. Tangu pikipiki imtupe kwenye mawe ya darajani, msimu uliopita wa kahawa, hakuwa na sauti nyingine. Kijana aliyekuwa akichimba ngoro, mashimo ya kupandia mahindi, kuwashinda wanaume wawili, sasa alilishwa uji kwa kijiko. Joakim ndiye aliyembeba mgongoni hadi hospitali, shati limelowa damu ya mdogo wake.

Joakim aliifuta mate sare yake. Siku hizi hakuwa msemaji. Alimwogesha Florian, alimgeuza kitandani, alimkata kucha. Majirani pale Matiri walisema mtoto wa namna hiyo hazaliwi mara mbili. Pembeni walisema pia kwamba nyumba ya Beata imelaaniwa. Ndiyo maana asubuhi hii alikuwa amevaa kitenge chake cha Pasaka. Alikuwa amebakiwa na mwana mmoja mzima, na leo watu wangemwona. Jambo moja jema tu, Mungu wangu. Moja tu.

"Florian abaki kwa mama mdogo Luisa," Joakim alisema. "Jua kali."

"Abaki? Siku ya kaka yake? Tunakwenda wote."

Ukumbi wa parokia mjini Mbinga ulikuwa umejaa hadi madirishani. Watoto walivunja mbao, wakubwa wakaangushana, medali zikagawiwa. Kisha Mwalimu Placidi, mkuu wa klabu, akainua sanamu ndogo ya mninga: mtu amesimama wima, mikono ameifunga nyuma.

"Medali za kupiga mmeziona," alisema. "Hii ni ya asiyepiga. Ngumi hata mlevi anarusha. Sisi tunamtafuta yule ambaye angeweza kuumiza, akatulia."

Tuzo hiyo ilikuwa na desturi yake. Hakuna aliyeipata kwa maneno yake mwenyewe wala ya ndugu zake. Alitakiwa shahidi wa nje, na shahidi hakuombwa kusimulia. Aliulizwa maswali matatu, akajibu, akashuka.

Aloisi, mchoma mishikaki wa karibu na stendi, alipanda jukwaani akijifuta mikono kwenye suruali.

"Ulimwona Joakim akichokozwa?"

"Nilimwona, Mwalimu. Walikuwa watatu, wamelewa. Mmoja akamtemea mate usoni. Wakamtukania mama yake, matusi ambayo hapa siyasemi, Padri ananiangalia."

Watu wakacheka.

"Angeweza kuwapiga?"

"Wale? Hata kusimama hawakuweza vizuri. Angewalaza kama mabua."

"Aliinua mkono?"

"Hakuinua. Walimwita mwoga, wakamwita shoga yao. Yeye mikono nyuma, hivi, kama huyo wa mti. Akasema, 'Mimi nina kiapo cha karate.' Akasimama vilevile mpaka walipochoka wenyewe wakaenda zao."

Ukumbi ulilipuka. Beata alipiga vigelegele mpaka koo likamkauka. Jirani yake wa Matiri, yuleyule wa maneno ya laana, alimshika bega akamwambia, "Hongera, Mama Joakim. Umezaa." Aloisi alishuka kwa mlango wa nyuma, akakimbilia jiko lake alilokuwa ameliacha linawaka uani.

"Tuzo hii," alisema Mwalimu Placidi, "leo itatolewa na mdogo wake."

Wakamsukuma Florian mbele kwenye kiti chake cha magurudumu, wakamwekea sanamu mapajani. Joakim akapiga magoti. Florian akaikamata sanamu kwa mkono wake mmoja wenye nguvu, akaikumbatia kifuani, akaanza kutoa sauti ile, kwa nguvu kuliko siku zote.

"Anaona fahari!" mtu alipaza sauti, na makofi yakaanza upya.

Mwalimu ilibidi amfungue vidole kimoja kimoja. Joakim aliipokea tuzo akiwa ameinamisha kichwa, machozi yanamdondoka. Wanawake wengi nao walilia.

Baadaye, uani, Joakim alizungukwa na watu waliotaka kupiga naye picha. Beata alimsukuma Florian kwa mkono mmoja hadi kivulini, karibu na moshi wa nyama, kwa mwingine ameipakata sanamu aliyoachiwa na Joakim, kama mtoto mchanga.

"Shikamoo, mama," alisema Aloisi, akimnyooshea mshikaki. "Huu wa bure. Mama wa bingwa halipi."

"Marahaba, mwanangu. Mungu akubariki. Umeliosha jina la nyumba yangu."

"Aa, nimesema nilichokiona tu."

Akainama ampe na kijana wa kwenye kiti kipande cha nyama. Akasita. Akamtazama vizuri usoni, kisha uso wake ukachangamka.

"Kumbe alipona!"

"Nani?"

"Huyu hapa, mama. Ndiye waliyekuwa wanampiga wale walevi."